Kihatarishi na ugonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu takwimu za utafiti wa afya

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wanaohangaika na tasnifu, wauguzi, watangazaji wa redio na wazazi wa hapa Dar es Salaam. Wengi huanza na ujumbe uliopita kwenye kundi la WhatsApp: "Utafiti umeonyesha kwamba…" Wanataka kujua kama waamini au wasiamini. Majibu yangu karibu yote yanazunguka jambo moja: kabla ya kuuliza tarakimu ni kubwa kiasi gani, uliza watu hao wamelinganishwa na akina nani, na kila mmoja wao aliingiaje kwenye utafiti.

Kihatarishi ni nini? Ndicho kisababishi?

Kihatarishi ni chochote kinachomfikia mtu na kinachoweza kubadili uwezekano wake wa kuugua: moshi wa mkaa, maji ya kisima kisichotibiwa, sigara, chumvi nyingi, kazi ya kupuliza rangi magari, hata jeni alizorithi. Vingine hupunguza hatari badala ya kuiongeza, kama chandarua chenye dawa. Kuwa kihatarishi maana yake ni kwamba kitu hicho na ugonjwa vinaonekana pamoja mara nyingi zaidi, au mara chache zaidi, kuliko ambavyo bahati ingeweza kuvikutanisha. Kukiita kisababishi ni madai mazito zaidi, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu safari ya kutoka dai la kwanza kwenda la pili.

Mtu anawezaje kujua chanzo cha ugonjwa kwa kuhesabu tu, bila maabara?

Anaweza, na ushahidi bora ni kazi ya daktari John Snow jijini London mwaka 1854. Madaktari wengi wa wakati ule waliamini kipindupindu huletwa na hewa chafu. Snow alishuku maji. Kusini mwa jiji kulikuwa na kampuni mbili za maji zilizopitisha mabomba yao katika mitaa ileile: Southwark and Vauxhall, iliyochota maji Mto Thames mahali palipokuwa na uchafu wa jiji, na Lambeth, iliyokuwa imehamisha chanzo chake mwaka 1852 hadi juu ya mto, kabla uchafu huo haujaingia.

Snow alihesabu vifo kwa kila kampuni. Nyumba 40,046 za kampuni ya kwanza zilikuwa na vifo 1,263, yaani 315 kwa kila nyumba 10,000. Nyumba 26,107 za kampuni ya pili zilikuwa na vifo 98, yaani 37 kwa kila nyumba 10,000. Tofauti ni zaidi ya mara nane.

Ukubwa wa tofauti hiyo unavutia, lakini nguvu ya hoja yake iko kwingine. Majirani wa mtaa mmoja, matajiri kwa maskini, walikuwa wanapumua hewa ileile na kutembea barabara ileile. Wengi hawakujua hata maji yao yanatoka kampuni gani. Hakuna aliyechagua kampuni kwa sababu ya afya yake. Kwa hiyo makundi mawili yalifanana karibu katika kila kitu isipokuwa maji. Mpaka leo hicho ndicho tunachokitafuta katika kila utafiti: makundi yanayofanana, yanayotofautiana kwa kihatarishi tu.

Tunaweza kurudia alichofanya Snow hapa Dar es Salaam?

Kwa sehemu tu, kwa sababu maji ya jiji letu hayana mipaka iliyonyooka. Chukua nyumba ya kupanga Tandale au Mbagala. Jumatatu bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, linatoa maji. Jumatano limekauka, mama mwenye nyumba ananunua madumu kwa muuza maji wa mkokoteni, na hajui kayachota wapi. Ijumaa wanachota kwenye kisima kirefu cha jirani. Baba anakunywa maji ya chupa kazini, watoto wanakunywa ya bomba la shule. Sasa dodoso linauliza: "Chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya kaya yenu ni kipi?" na mtu anaweka alama kwenye kisanduku kimoja.

Makosa ya namna hii ya kupima yana tabia yake. Yakiwapata wagonjwa na wasio wagonjwa kwa kiwango kilekile, kwa kawaida huufifisha uhusiano: hatari iliyo mara tatu inaonekana kama mara moja na nusu, au haionekani kabisa. Ndiyo maana utafiti wa mjini unaosema "hatukuona uhusiano kati ya chanzo cha maji na kuhara" haujathibitisha kwamba maji ni salama. Huenda umethibitisha tu kwamba swali lilikuwa duni. Kuuliza kila chanzo kilichotumika ndani ya siku saba zilizopita, na kila mwanakaya alikunywa nini, ni kazi inayochosha. Kwangu hiyo ina faida kuliko kuongeza kaya mia tatu kwenye sampuli.

Kuna aina ngapi za utafiti, na ipi ni bora?

Aina kuu ni nne. Utafiti wa mara moja hupima kihatarishi na ugonjwa siku ileile. Ni wa haraka na nafuu, lakini haukwambii kipi kilitangulia. Ukiwakuta wanaochemsha maji wanahara zaidi, inawezekana walianza kuchemsha baada ya kuhara. Utafiti wa kufuatilia kundi huanza na watu wasio na ugonjwa, ukaangalia nani anaugua kadiri miaka inavyopita. Ule wa mji wa Framingham, Marekani, ulianza mwaka 1948 na watu 5,209, na mengi tunayoyajua kuhusu shinikizo la damu na moyo yalianzia huko. Utafiti wa kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa huenda kinyumenyume: unaanza na waliougua tayari, unatafuta wa kuwalinganisha nao, kisha unauliza yaliyopita. Ya nne ni jaribio la nasibu, ambapo kura ndiyo inayoamua nani apate kitu na nani asipate.

Hakuna iliyo bora kwa kila swali. Huwezi kuwapigia watu kura wavute sigara. Na huwezi kufuatilia watu 1,000 ukingoja saratani inayompata mtu mmoja kati ya maelfu.

Nina wagonjwa wa saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) waliolazwa Ocean Road. Niwalinganishe na nani?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mwanafunzi aliulize kabla hajafungua kompyuta.

Jibu linalokuja haraka ni: "Nitawachukua watu wa Upanga na Kivukoni, ni karibu." Hapana. Wagonjwa wa Taasisi ya Saratani Ocean Road wanatoka mikoa mingi ya nchi. Ukiwalinganisha na wakazi wa katikati ya jiji utakuta wagonjwa wamepikia kuni zaidi, wamelima zaidi, wamesoma kidogo zaidi. Hutakuwa umegundua vihatarishi vya saratani ya umio. Utakuwa umegundua kwamba watu wa mikoani wanaishi tofauti na watu wa Upanga.

Kanuni ni hii: wa kulinganishwa lazima atoke katika watu wale ambao, kama wangeugua ugonjwa huo, nao wangefikishwa katika hospitali hiyohiyo. Jiulize kwa kila mmoja: "Huyu angepata saratani ya umio, ningemkuta wodini kwangu?" Kama jibu ni hapana, hafai.

Njia moja ni kumtafuta kwa kila mgonjwa mtu wa umri na jinsia yake katika kijiji au mtaa anakotoka. Ni safari ndefu na fedha nyingi. Njia nyingine ni kuchukua wagonjwa wengine waliopewa rufaa kutoka mikoa hiyohiyo kwa maradhi tofauti, lakini hapo uwe macho. Tuseme unachunguza sigara. Ukiwachukua wagonjwa wa moyo na mapafu, umechukua watu ambao nao wamefikishwa hospitali na sigara. Kundi lako la kulinganisha limejaa wavutaji, na hatari ya sigara itapotea mbele ya macho yako. Mwaka 1946 mwanatakwimu Joseph Berkson alionyesha kwa hesabu kwamba maradhi au vihatarishi viwili visivyohusiana kabisa katika jamii vinaweza kuonekana vinahusiana ukitazama waliolazwa peke yao. Chagua maradhi kadhaa tofauti, yasiyo na uhusiano unaojulikana na kihatarishi chako: kwa mfano waliovunjika mfupa ajalini, au wenye ngiri.

Halafu kuna kumbukumbu. Mtu mwenye saratani amelala usiku mwingi akijiuliza amekosea wapi. Ukimuuliza kama alikuwa anakunywa chai ya moto sana, atakumbuka kila kikombe. Jirani yake mzima atajibu "kawaida tu." Kwa saratani ya umio jambo hili si dogo, maana mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Ukiweza kupima joto la chai anayokunywa mtu kwa kipimajoto badala ya kumuuliza, pima.

Uwiano wa odi ni nini?

Odi ni idadi ya walionacho kitu, kiwe kihatarishi au ugonjwa, ikigawanywa kwa idadi ya wasionacho. Uwiano wa odi ni odi ya kundi moja ikigawanywa kwa odi ya kundi jingine. Mfano wa kweli: mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walichapisha ulinganisho wa wanaume 649 wenye saratani ya mapafu na wanaume 649 wasio nayo. Kati ya wagonjwa, wasiovuta sigara walikuwa 2 tu. Kati ya wasio na saratani hiyo walikuwa 27.

Odi ya kuvuta kwa wagonjwa ni 647 kwa 2, yaani 323.5. Kwa wasio nayo ni 622 kwa 27, yaani karibu 23. Gawanya, unapata 14. Ona pia kwamba ukitazama asilimia za wavutaji peke yake, 99.7 na 95.8, unaweza kudhani hakuna la kuzungumza. Karibu kila mwanaume alikuwa anavuta, na hatari ilikuwa imejificha ndani ya mazoea ya watu wote.

Kompyuta imenipa uwiano wa odi wa 2.25. Niandike kwamba hatari ni zaidi ya mara mbili?

Inategemea ugonjwa ni wa kawaida kiasi gani. Ukiwa adimu, uwiano wa odi na uwiano wa hatari (hatari ya kundi moja ikigawanywa kwa hatari ya kundi jingine) hukaribiana sana. Ukiwa wa kawaida, huachana. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, watoto 60 kati ya 100 wa kundi la kwanza wana upungufu wa damu, na 40 kati ya 100 wa kundi la pili. Hatari ni 60 kwa 40, yaani mara moja na nusu. Lakini odi ni 1.5 kwa 0.67, na uwiano wake ndio huo 2.25. Mwanafunzi anaandika "zaidi ya mara mbili," gazeti linanakili, na tofauti imetiwa chumvi bila mtu yeyote kukusudia.

Katika utafiti wa mara moja, hali unayoipima ikiwa imewapata zaidi ya watu kumi katika mia, ningekushauri uripoti uwiano wa hatari wenyewe. Regresheni, yaani hesabu ya kompyuta inayopima jinsi kigezo kimoja kinavyohusiana na vingine, ya aina ya Poisson yenye makosa sanifu yaliyorekebishwa inaupata vizuri, na programu zote zinazotumika vyuoni kwetu zinaweza kuifanya.

Watu wanasema "huenda kuna jambo la tatu." Wana maana gani?

Mfano wa kubuni tena. Tunachukua wanaume 1,000 wanaokunywa kahawa vijiweni Kariakoo na 1,000 wasiokunywa, tunauliza nani ana kikohozi sugu. Wanywaji wenye kikohozi ni 140, wasiokunywa ni 80. Hatari ni mara 1.75. Je, kahawa inaleta kikohozi?

Sasa tuwatenganishe kwa sigara. Kati ya wanywaji kahawa, 600 wanavuta na 400 hawavuti. Kati ya wasiokunywa, 200 wanavuta na 800 hawavuti. Tuseme katika wavutaji wote, wa kahawa na wasio wa kahawa, 20 katika mia wanakohoa, na katika wasiovuta ni 5 katika mia. Piga hesabu: wanywaji wana 120 na 20, jumla 140. Wasiokunywa wana 40 na 40, jumla 80. Tarakimu ni zilezile za mwanzo, lakini ndani ya kila kundi kahawa haijabadili chochote. Kijiweni watu wanavuta, basi.

Kutenganisha makundi namna hii, kisha kuunganisha majibu yake kuwa tarakimu moja, ndiyo njia ya Nathan Mantel na William Haenszel ya mwaka 1959. Regresheni hufanya kazi hiyohiyo kwa vigezo vingi kwa wakati mmoja. Mimi huwataka wanafunzi waanze na jedwali la mkono, kwa sababu jedwali linakuonyesha kundi lenye watu watatu, na regresheni inalificha.

Basi nikiweka vigezo vyote kwenye modeli ya regresheni nitakuwa salama?

Hapana, na kosa hili ni la kawaida mno. Baadhi ya vigezo viko katikati ya njia. Malaria wakati wa ujauzito humfanya mtoto azaliwe na uzito pungufu, na uzito pungufu huongeza uwezekano wa kufa akiwa mchanga. Ukitaka kujua madhara yote ya malaria ya mimba kwa vifo vya watoto, kisha "ukarekebisha" uzito wa kuzaliwa, yaani ukalinganisha watoto wa uzito uleule tu, umeifuta njia ambayo malaria inapita kuua. Mbaya zaidi, unaweza kupata majibu ya ajabu: kwa miaka mingi takwimu zilionyesha kwamba kati ya watoto waliozaliwa na uzito pungufu, wa mama wavutaji sigara walikufa kidogo kuliko wa mama wasiovuta. Sigara haikuwa imewakinga. Mtoto mwepesi ambaye mama yake havuti ana sababu nyingine ya wepesi, na mara nyingi sababu hiyo ni mbaya zaidi.

Chora kwanza, kwa kalamu na karatasi, mishale ya unachoamini kinaleta nini. Kinachosababisha kihatarishi na ugonjwa pamoja, kirekebishe. Kinachotokana na kihatarishi, kiache. Kompyuta haiwezi kukuchorea mishale hiyo. Inahitaji mtu anayeujua ugonjwa na anayeijua jamii.

Kama tumerekebisha vizuri, kwa nini bado mnasisitiza majaribio ya nasibu?

Kwa sababu ya mambo kama lililotokea hapahapa jijini.

Mwaka 1994 watafiti waliokuwa Malawi walionyesha kwamba wajawazito wenye VVU waliokuwa na kiwango kidogo cha vitamini A katika damu waliwaambukiza watoto wao zaidi. Uhusiano ulikuwa mkubwa na maelezo yake yaliingia akilini: vitamini A husaidia kinga ya mwili na utando wa ndani wa viungo. Dawa za kufubaza virusi hazikuwa zikipatikana kwa akina mama wa kawaida. Kidonge cha vitamini cha bei rahisi kilikuwa tumaini kubwa.

Mwaka 1995 watafiti wa Muhimbili pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard walianza jaribio Dar es Salaam, wakaandikisha wajawazito 1,078 wenye VVU. Kura iliwagawa katika makundi manne: vitamini A, vitamini mchanganyiko zisizo na A, zote pamoja, au kidonge kisicho na dawa. Vitamini mchanganyiko zilipunguza vifo vya watoto tumboni na uzito pungufu wa kuzaliwa. Hiyo ilikuwa habari njema. Lakini vitamini A haikupunguza maambukizi kwa mtoto. Iliyaongeza: uwiano wa hatari ulikuwa 1.38, wenye wigo wa uhakika wa asilimia 95 kutoka 1.09 hadi 1.76.

Inaelekea vitamini A kidogo katika damu ilikuwa dalili ya mama ambaye ugonjwa umemzidi, si chanzo cha maambukizi. Hakuna marekebisho ya kompyuta yaliyoweza kuliona hilo kwa hakika. Kura iliona, kwa sababu kura haijui nani anaumwa zaidi. Inawagawa wenye hali mbaya na wenye hali nzuri sawasawa, pamoja na mambo ambayo hatujawahi kufikiria kuyapima. Akina mama wale wa Dar es Salaam, wengi wao wakiwa katika hali ngumu mno, waliipa dunia jibu ambalo lisingepatikana kwa njia nyingine, na ningependa lifundishwe zaidi katika shule zetu.

Kwa mzazi anayesoma: habari hii haihusu matone ya vitamini A wanayopewa watoto kliniki. Hilo ni suala jingine lenye ushahidi wake. Mpeleke mtoto.

Huo wigo wa uhakika na ile p, nizielewe vipi?

Chukua 1.38 ya hapo juu. Wigo wa 1.09 hadi 1.76 unasema data hizi zinapatana na ongezeko dogo la asilimia 9, na pia na ongezeko la asilimia 76. Haugusi 1, ambayo ingemaanisha hakuna tofauti. Wigo mpana ni ishara ya data chache. Wigo unaovuka 1 hausemi "hakuna uhusiano". Unasema bado hatujui upande.

Thamani ya p inajibu swali jembamba: kama kihatarishi hakina athari yoyote, data zenye tofauti kubwa kama hii au zaidi zingetokea mara ngapi kwa bahati tu? Si uwezekano kwamba umekosea. Mpaka wa 0.05 ni mazoea tu. Na ukipima vihatarishi 20 visivyo na athari yoyote, uwezekano wa angalau kimoja kupita mpaka huo kwa bahati ni kama asilimia 64. Dodoso la maswali 60 litakuzalia "ugunduzi" karibu kila mara, hata kama hakuna chochote cha kugundua.

Soma wigo kwanza. Ukibaki na muda, soma p.

Nilisikia soseji ziko kundi moja na sigara. Niache kula chipsi soseji?

Mwaka 2015 taasisi ileile ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la kwanza, walipo pia sigara na moshi wake. Kundi hilo linapima ushahidi ni thabiti kiasi gani, halipimi hatari ni kubwa kiasi gani. Sigara iliongeza saratani ya mapafu zaidi ya mara kumi. Gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku ziliongeza saratani ya utumbo mpana kwa kama asilimia 18.

Na asilimia 18 ya nini? Hapo ndipo habari nyingi zinapotuacha njiani. Tuseme hatari ya awali ni watu 50 katika 1,000 maishani mwao. Asilimia 18 ingewafikisha 59. Tuseme ni 10 katika 1,000. Ingewafikisha karibu 12. Kila unaposikia "inaongeza kwa asilimia kadhaa," uliza kutoka wangapi hadi wangapi. Kuhusu sahani yako, soseji ya mara mojamoja haitanikosesha usingizi. Kula kila siku ningepunguza.

Sampuli yangu ina watoto 400 kutoka mitaa 20. Inatosha?

Pengine ni ndogo kuliko unavyodhani. Watoto wa mtaa mmoja wanafanana: mbu walewale, kisima kilekile, zahanati ileile. Mtoto wa 20 hakupi habari mpya kama alivyokupa wa kwanza. Kwa watoto 20 kila mtaa na mfanano mdogo wa 0.05 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), unagawa sampuli kwa 1 + 19 × 0.05, yaani 1.95. Watoto wako 400 wana uzito wa 205 hivi. Afadhali mitaa 40 yenye watoto 10 kila mmoja, ingawa nauli itapanda. Lihesabu hili kabla ya kuomba kibali cha maadili, kwa sababu kamati itakuuliza.

Kwa nini tafiti mbili nzuri hupingana?

Mara nyingine hazipingani, zimeuliza maswali tofauti. Jaribio la Mwanza lililochapishwa mwaka 1995 lilihusisha jamii 12, nusu zikiboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Mwaka 1999 jaribio la Rakai, Uganda, lililowatibu watu wote kwa vipindi, halikuona punguzo lolote. Watu wakabishana sana. Lakini Mwanza VVU vilikuwa vimewapata kama watu wazima 4 katika mia, Rakai 16. Pale ambapo ugonjwa umeshaenea, maambukizi mengi hutokea ndani ya ndoa na mahusiano ya kudumu, na vidonda vya magonjwa ya zinaa huchangia sehemu ndogo zaidi. Pia Mwanza mtu alitibiwa siku alipopata dalili. Rakai alisubiri duru ijayo.

Mfano wa pili ni moshi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 huko Malawi, lenye watoto 10,750, liligawa majiko yanayotoa moshi mdogo, na nimonia haikupungua. Wapo waliolinukuu kusema moshi wa jikoni hauna shida. Jaribio halikuuliza hivyo. Liliuliza kama kumpa mtu jiko hilo kunatosha, wakati takataka zinaendelea kuchomwa nje na jirani anaendelea kupikia kuni. Tunapozungumzia gesi na mkaa hapa Dar, tofauti hiyo ni ya kushikilia.

Ni lini mtu ana haki ya kusema "hiki ndicho kisababishi"?

Mwaka 1965 Bradford Hill alitoa mambo tisa ya kuyatazama, kati yake ukubwa wa uhusiano, kujirudia kwake mahali tofauti, na kama dozi ikiongezeka ugonjwa unaongezeka. Moja tu halina mjadala: kihatarishi lazima kitangulie ugonjwa. Mengine yote yanaweza kukosekana na jambo likabaki kweli, na yeye mwenyewe alionya yasigeuzwe kanuni.

Napenda zaidi hoja ya Jerome Cornfield na wenzake ya mwaka 1959. Ronald Fisher, mwanatakwimu mkubwa kuliko wote wa wakati ule, alikuwa akidai huenda kuna jeni linalomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani. Cornfield hakubishana naye kwa hisia. Alionyesha kwamba kama wavutaji wana hatari mara tisa, jambo hilo lililojificha lingepaswa kuwa limeenea kwa wavutaji angalau mara tisa kuliko kwa wasiovuta. Kama lipo, lionyesheni. Hakuna aliyelionyesha. Kwa hiyo anayekwambia "huenda kuna jambo la tatu" hajamaliza kazi. Aseme ni lipi, na lina nguvu kiasi gani.

Mtaani kwetu watu wanne wamepata saratani ndani ya miaka miwili. Tunashuku mnara wa simu. Tufanye nini?

Pole sana, na hofu yenu ina msingi wa kibinadamu. Kwanza andikeni ni saratani za aina gani. Ya shingo ya kizazi, ya titi, ya tezi dume na ya umio ni maradhi manne tofauti yenye vyanzo tofauti. Ile ya shingo ya kizazi, kwa mfano, husababishwa na virusi vya HPV na ina chanjo. Zikiwa tofauti hivyo, haielekei kwamba kitu kimoja kimezileta. Zikiwa za aina moja, hasa aina adimu, au zimewapata watoto, jambo ni zito zaidi.

Pili, andikeni kila mmoja ana umri gani na ameishi hapo tangu lini. Saratani nyingi huchukua miaka kadhaa kujitokeza, kwa hiyo mtu aliyehamia mwaka jana kutoka Tabata huenda alikuja nayo. Tatu, msianze kwa kuzungusha mpaka kuwazunguka wagonjwa ndipo muhesabu wakazi. Katika jiji la mamilioni ya watu, wagonjwa watakusanyika mahali fulani kwa bahati tu, na mpaka uliochorwa baada ya kuwaona utaonyesha hatari kubwa kila mara. Tumieni mpaka wa mtaa au kata uliokuwepo tayari.

Orodha hiyo, bila majina ya wagonjwa kusambazwa kwenye makundi ya simu, ipelekeni kwa mganga mkuu wa manispaa yenu kupitia mwenyekiti wa mtaa, na ombeni jibu la maandishi.